Istilahi za Kulinganishia Breki za Diski katika Baiskeli za Milimani

Katika kufasiri maelezo ya matumizi ya baiskeli moja ya milimani tulikutana na sentensi fupi inayomwonya mwenye baiskeli juu ya kitu cha kutia katika breki zake. Tulipoiweka sentensi hiyo katika maneno yanayotumika madukani na katika karakana zetu, tulipata tafsiri hii: "Tumia mafuta ya breki peke yake, usitumie mafuta ya breki kamwe." Msomaji atacheka, nasi pia tulicheka. Lakini kicheko hicho hakikudumu, kwa kuwa katika lugha ya asili sentensi ile ilitaja vitu viwili vilivyo mbali kabisa, na mtu akikosea kimoja kwa kingine breki zake huharibika ndani kwa ndani bila yeye kujua, mpaka siku atakapozihitaji mteremkoni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi breki za diski za baiskeli za milimani zinavyolinganishwa kwa utendaji na kwa utegemevu, na kupendekeza istilahi za kufanyia kazi hiyo kwa Kiswahili. Hatukusudii kumwambia msomaji anunue breki za kampuni gani. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba mtu asemaye "breki hii ni nzuri kuliko ile" hajasema jambo linaloweza kupimwa, na kwamba hatutaweza kulisema kwa uhakika mpaka kila sifa ya breki iwe na jina lake.

1. Chanzo cha tatizo: joto

Mchezo wa baiskeli za milimani ulipata umbo lake tunalolijua leo katika wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani. Karibu na mji wa Fairfax kulikuwa na njia ya vumbi iliyoshuka yapata mita 400 katika mwendo wa kilomita tatu na ushei. Mnamo Oktoba 1976 vijana wa huko walianza kushindana kuteremka njia hiyo kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Breki zao nyingi zilikuwa za aina ile iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo hufanya kazi mwendeshaji anaporudisha pedali nyuma. Baada ya mteremko mmoja tu grisi iliyomo ndani ya kitovu ilikuwa imeungua na kutoka kama moshi, ikawalazimu kukifungua na kukijaza grisi upya. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza tena, mashindano yenyewe yakaitwa Repack.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba breki haiondoi mwendo. Huugeuza kuwa joto. Na tuchukue hesabu rahisi. Mwendeshaji pamoja na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 90, nao wakashuka mita 400, nishati inayopaswa kutumika njiani ni karibu jouli 350,000. Diski mbili za chuma, kila moja yenye gramu 150, huhitaji jouli 150 hivi ili jotoridi lake lipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Kama nishati yote ingeingia katika diski hizo na isitoke, jotoridi lingepanda kwa zaidi ya nyuzi 2,300, na chuma kingeyeyuka kabla mwendeshaji hajafika chini. Hakiyeyuki kwa sababu sehemu ya nishati huchukuliwa na upepo na matairi, na sehemu kubwa ya joto lililobaki hutolewa na diski hewani wakati ule ule inapozunguka. Ndiyo sababu diski hutobolewa matundu na kuachwa wazi, na ndiyo sababu ubora wa breki ya milimani hauwezi kutenganishwa na uwezo wake wa kustahimili joto.

2. Sehemu za breki na majina yake

Wasomaji wengi wamezizoea breki za rimu, ambazo raba mbili hubana ukingo wa gurudumu. Katika baiskeli zetu za kubebea mizigo raba hizo huvutwa kwa fito za chuma au kwa waya. Breki za namna hii ni nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini rimu ikilowa maji au kupakwa matope msuguano hupungua mno. Na rimu ikipinda, raba hugusa upande mmoja tu. Breki ya diski huepuka matatizo hayo kwa kuhamisha kazi ya kubana kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu, mahali ambapo matope ni machache na ambapo kupinda kwa rimu hakudhuru kitu.

Sehemu kuu za breki ya diski ni nne. Ya kwanza ni diski yenyewe. Wako waliopendekeza iitwe "sahani ya breki", na jina hilo si baya. Lakini mafundi wa magari na pikipiki wamekwisha kulizoea jina "diski", na katika kazi hii tunafuata kanuni kwamba neno lililo tayari mikononi mwa mafundi lisinyang'anywe bila sababu. Ya pili ni pedi, yaani vipande viwili vya kusugulia vinavyoibana diski kutoka pande zote mbili. Ya tatu ni chombo kinachozishika pedi na kuzisukuma. Kwa chombo hiki tunapendekeza jina "kibanio", kwa kuwa kitenzi "bana" kinaeleza kazi yake yote, na mtu asiyepata kukiona chombo hicho ataweza kukikisia. Ya nne ni mkono wa breki, ulio kwenye usukani.

Kati ya mkono na kibanio pana njia mbili za kupitisha kani. Njia ya kwanza ni waya, na breki hiyo tunaiita breki ya waya. Njia ya pili ni kiowevu kilichofungiwa ndani ya bomba jembamba, na hiyo tunaiita breki ya kiowevu. Katika breki ya kiowevu, mkono husukuma pistoni ndogo iliyo kwenye usukani, na kanieneo inayotokea hufika sawasawa mpaka kwenye pistoni kubwa zaidi zilizo katika kibanio. Kama pistoni ya mkononi ina kipenyo cha milimita 10, na kila pistoni ya kibanio ina kipenyo cha milimita 22, basi kila pistoni ya kibanio husukuma kwa kani karibu mara tano ya ile iliyoisukuma pistoni ndogo. Waya hauna faida hiyo. Tena waya hunyumbuka kidogo, na ala yake hubonyea, hivyo sehemu ya jitihada ya mkono hupotelea njiani.

3. Utendaji wa breki

Tunalitumia neno "utendaji" kwa maana ya mambo yote ambayo breki hufanya wakati inapofanya kazi vizuri. Hatukulichagua neno "ufanisi", kwa kuwa ufanisi hutaja matokeo mema, hali utendaji waweza kuwa mwema au mbaya, nao ndio tunaotaka kuupima. Ndani ya utendaji mna sifa tatu ambazo lugha ya mitaani huzichanganya katika neno moja, "kali".

Sifa ya kwanza ni nguvu ya breki, yaani ukubwa wa kani ya kuzuia gurudumu inayopatikana kwa kila kani ya kidole. Nguvu huongezeka kwa njia kadhaa. Mojawapo ni kuongeza kipenyo cha diski. Vipenyo vya kawaida ni milimita 160, 180 na 203. Kwa kuwa kibanio hushika mbali zaidi na kitovu, diski ya milimita 203 huongeza nguvu kwa zaidi kidogo ya robo ikilinganishwa na ile ya milimita 160, pedi na kibanio vikiwa vile vile. Njia nyingine ni kuongeza pistoni. Vibanio vya baiskeli nyepesi huwa na pistoni mbili. Vile vya kuteremkia miteremko mikali huwa na nne, pamoja na pedi ndefu zaidi.

Sifa ya pili tunapendekeza iitwe usikivu. Mtoto msikivu ni yule afanyaye aliloagizwa, kwa kadiri aliyoagizwa. Breki sikivu nayo ni ile inayomwezesha mwendeshaji kuongeza au kupunguza nguvu kidogo kidogo kwa kidole kimoja, bila gurudumu kujifunga ghafula. Jambo hili ni muhimu sana juu ya changarawe na mizizi yenye unyevu, kwa sababu gurudumu lililojifunga huteleza, na gurudumu la mbele likiteleza mwendeshaji huanguka. Kwa hiyo breki yenye nguvu nyingi isiyo na usikivu yaweza kuwa ya hatari kuliko breki yenye nguvu kiasi. Mtu anaposema "breki yangu ni kali" hatujui kama anaisifu nguvu yake au analalamikia upungufu wa usikivu wake. Wauzaji na waandishi wa vitabu vya maelezo wanapaswa kuyatenga mambo haya mawili.

Sifa ya tatu ni ustahimilivu wa joto, nao huonekana breki inapotumika mfululizo katika mteremko mrefu. Kushindwa kwa sababu ya joto kuna sura mbili, na hapa tunawaomba wasomaji wasome kwa makini. Katika sura ya kwanza pedi hupata joto kupita kiasi na msuguano wake hupungua: mkono wa breki hubaki mgumu kama kawaida, lakini baiskeli haisimami. Hali hiyo tunaiita kufifia. Katika sura ya pili joto hupita katika pedi na pistoni mpaka kwenye kiowevu, kiowevu huchemka, na mapovu ya mvuke hutokea. Mvuke hushindiliwa kwa urahisi, tofauti na kiowevu; hivyo mkono wa breki hulegea na kubonyea mpaka kugusa usukani, na kanieneo haifiki kwenye kibanio. Hali hii tunaiita kubonyea.

Mitaani hali zote mbili huelezwa kwa maneno "breki imefeli". Lakini fundi aliyeambiwa hivyo hana pa kuanzia. Breki iliyofifia humtaka achunguze pedi na ukubwa wa diski. Breki iliyobonyea humtaka achunguze kiowevu, atoe upepo, au abadilishe kiowevu chote. Mwendeshaji akijua majina haya mawili, ataweza kumweleza fundi alichokihisi mkononi, na nusu ya uchunguzi itakuwa imekwisha kufanyika.

Aina ya pedi nayo hubadili utendaji. Zipo pedi za utomvu, ambazo nyuzinyuzi na unga wa kusugulia hushikanishwa kwa utomvu. Na zipo pedi za metali, ambazo unga wa metali hushindiliwa na kuchomwa mpaka ukashikana. Pedi za utomvu hushika vizuri zikiwa baridi, wala hazilii sana, lakini huisha upesi katika matope na hufifia mapema zaidi. Pedi za metali hudumu na hustahimili joto, lakini huhitaji kupashwa moto kidogo kabla hazijashika barabara, hulia zaidi, na hupitisha joto jingi zaidi kuelekea kwenye kiowevu. Zote mbili zikiwa mpya zinahitaji kuzoeshwa, yaani kutumiwa kwa kupunguza mwendo mara nyingi, moja baada ya nyingine, mpaka tabaka jembamba la pedi lienee juu ya diski. Anayezijaribu breki mpya kabla ya kuzizoesha na kutoa hukumu huwa amepima kitu kingine, si breki.

4. Viowevu viwili vyenye jina moja

Sasa turudi kwenye sentensi iliyotuchekesha. Viowevu vinavyotumika katika breki za baiskeli ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile yenye alama ya DOT, herufi zinazowakilisha Idara ya Uchukuzi ya Marekani iliyoweka viwango vyake. Kiowevu hiki hutengenezwa hasa kwa misombo ya glikoli, nacho ndicho kitumikacho pia katika magari na pikipiki. Kwa maana ya kikemia si mafuta hata kidogo: hupenda maji na huyanyonya kutoka hewani. Aina ya pili ni mafuta ya madini, yanayotokana na petroli ghafi. Haya ni mafuta kweli, nayo hayachanganyiki na maji.

Tofauti hii ina matokeo matatu. La kwanza lahusu joto. Kwa mujibu wa viwango, kiowevu kipya cha DOT 4 hakitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Sentigredi, na cha DOT 5.1 chini ya nyuzi 260. Lakini kikinyonya maji kwa kiasi kilichowekwa katika kipimo, viwango hivyo hushuka hadi nyuzi 155 na 180. Hivyo kiowevu cha DOT huchakaa hata baiskeli ikiwa imeegeshwa tu, na chapaswa kubadilishwa kwa vipindi vinavyotajwa na mtengenezaji. Mafuta ya madini hayanyonyi maji. Lakini maji yakiingia kwa bahati mbaya, kwa kuwa hayachanganyiki nayo na ni mazito kuliko mafuta, hujikusanya mahali pa chini kabisa, ambapo kwa kawaida ndipo kilipo kibanio, yaani penye joto kubwa kuliko pote. Hapo huchemka kwa nyuzi 100 hivi. Kwa hiyo hakuna kiowevu kilicho bora kwa kila hali. Kila kimoja kina udhaifu wake na utunzaji wake.

Tokeo la pili lahusu mipira ya ndani, ile ambayo mafundi huiita sili, izuiayo kiowevu kisivuje kando ya pistoni. Sili zilizotengenezwa kwa ajili ya DOT huvimba zikikutana na mafuta ya madini, na sili za mafuta ya madini huharibika zikikutana na DOT. Breki haikatai siku hiyo hiyo. Yaweza kushika vizuri kwa muda, kisha pistoni zikakwama au kiowevu kikaanza kuvuja.

Tokeo la tatu lahusu ngozi na rangi. DOT huwasha ngozi na hula rangi ya fremu. Mafuta ya madini hayana ukali huo. Vyote viwili, hata hivyo, vikidondokea pedi au diski huondoa msuguano.

Hatari kwa wasemaji wa Kiswahili i wazi. Fundi wa pikipiki mwenye chupa ya DOT huiita "mafuta ya breki", na wateja wake vivyo hivyo. Akiletewa baiskeli ya milimani ambayo breki zake ni za mafuta ya madini, naye akaambiwa, "Ongeza mafuta ya breki," atamimina kilichomo katika chupa yake, wala hatutaweza kumlaumu. Neno ndilo lililompotosha. Wala jina la kampuni halimwokoi. Shimano ya Japani na Magura ya Ujerumani hutumia mafuta ya madini, na Hope ya Uingereza hutumia DOT. Lakini SRAM ya Marekani, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa breki za DOT, imetoa pia breki za mafuta ya madini, miongoni mwake ile iitwayo Maven ya mwaka 2024.

Katika kutafuta dawa ya tatizo hili wazo la kwanza lilikuwa kuliacha jina "mafuta ya breki" kwa mafuta ya madini peke yake, kwa kuwa hayo ndiyo mafuta ya kweli. Kwa mtazamo wa kikemia wazo hilo ni sahihi. Lakini tulipolitafakari tuliliona kuwa la hatari kuliko hali ya sasa, kwa sababu lingelipa jina kitu ambacho ni kinyume cha kile kinachoitwa hivyo mitaani. Kitabu kingesema "mafuta ya breki" kikimaanisha madini, na muuzaji angesikia DOT. Istilahi isiyojali matumizi yaliyokwisha kuenea inaweza kuwa sahihi katika kamusi na ikaua barabarani.

Kwa hiyo tunapendekeza jina "mafuta ya breki" lisitumike kabisa katika vitabu vya maelezo, vibandiko na masomo ya ufundi. Mahali pake tutumie "kiowevu cha breki" kwa jumla, na chini yake majina mawili yasiyofanana: "glikoli ya breki" kwa aina ya DOT, na "mafuta ya madini" kwa aina ya pili. Aidha, mwandishi akitaja glikoli ya breki aandike na alama yake, mathalani DOT 4 au DOT 5.1, kwa kuwa alama hiyo ndiyo iliyoandikwa juu ya chupa na juu ya kifuniko cha breki. Na hapa tutahadhari: DOT 5, isiyo na nambari ya nyongeza, hutengenezwa kwa silikoni, wala si ndugu wa DOT 5.1 ijapokuwa majina yao yanakaribiana.

5. Utegemevu wa breki

Mpaka hapa tumezungumzia jinsi breki inavyotenda inapokuwa nzima. Swali la pili ni kama itakuwa nzima kesho, na mwezi ujao, na baada ya mvua za masika. Sifa hiyo tunaiita utegemevu. Baadhi ya waandishi wametumia "utegemezi", lakini utegemezi ni hali ya mtu au kitu kumtegemea mwingine, kama nchi inayotegemea misaada. Breki haitegemei, hutegemewa. Kivumishi "tegemevu" kimekwisha kuwapo katika lugha yetu kwa maana ya kitu kinachoweza kutegemewa, na nomino "utegemevu" inatoka humo bila taabu.

Utendaji hupimwa kwa siku moja. Utegemevu huhitaji muda na hali nyingi. Viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli, ISO 4210, hutaka breki zipimwe zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, nalo ni jambo jema. Lakini jaribio la siku moja haliwezi kuonyesha yote yatakayotokea miaka miwili baadaye. Mnamo Desemba 2013 kampuni ya SRAM ilirudisha kiwandani breki zake za kiowevu za baiskeli za barabarani, baada ya kuonekana kwamba katika baridi kali sili zake zingeweza kushindwa kushikilia kanieneo. Katika hali ya hewa ya kawaida kasoro hiyo haikuonekana.

Tena utegemevu si wa breki peke yake, bali wa breki pamoja na sehemu zilizo jirani yake. Mnamo Aprili 2015 kampuni ya Trek ya Marekani iliwataka wenye baiskeli karibu 900,000 nchini humo waache kuzitumia mpaka zirekebishwe, kwa sababu mkono wa kufungia gurudumu la mbele ukiachwa wazi uliweza kunaswa na diski na kulisimamisha gurudumu ghafula, au kulitoa mahali pake. Diski ilikuwa nzima na kibanio kilikuwa kizima, lakini mwendeshaji hakuwa salama.

Kwa kipimo hiki, breki ya waya ambayo imeshindwa katika ulinganisho wa nguvu yaweza kushinda katika utegemevu, hasa kwa mtu anayesafiri mbali na miji. Waya ukikatika hupatikana kwa urahisi katika maduka ya baiskeli, na hubadilishwa kwa zana chache za kawaida. Breki ya kiowevu ikivuja porini haina dawa ya haraka. Hutaka kiowevu kinachofaa, vifaa vya kutolea upepo na mikono safi. Kwa upande mwingine, breki ya kiowevu hujirekebisha yenyewe pedi zinapopungua unene, lakini breki nyingi za waya humtaka mwenyewe azisogeze pedi mara kwa mara; na waya unaopita katika ala iliyojaa matope huwa mzito siku hata siku. Kwa hiyo hata ndani ya utegemevu pana mambo mawili ya kutenganishwa: breki kuharibika mara chache, na breki kutengenezeka upesi inapoharibika. La pili tunapendekeza liitwe utengenezekaji.

Wahenga walisema kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hii hupenda kutajwa baada ya ajali, kama kwamba breki ilishindwa kwa sababu siku imefika. Hatuna ugomvi na wahenga. Lakini kushindwa kwa breki mara nyingi kuna sababu inayoweza kutajwa, na ikitajwa huweza kuzuilika.

6. Namna ya kulinganisha

Kutokana na hayo, ulinganisho wa breki mbili ni budi utaje kwanza hali zilizokuwa sawa: kipenyo cha diski, aina ya pedi, kama zilizoeshwa, na uzito wa mwendeshaji. Kisha utaje kila sifa kwa jina lake. Badala ya kuandika "Breki ya kwanza ni kali na imara kuliko ya pili," mwandishi aseme, mathalani: "Kwa diski za milimita 180 na pedi za metali, breki ya kwanza ina nguvu zaidi, lakini usikivu wake ni mdogo, ya pili ilianza kufifia mwishoni mwa mteremko, ingawa haikubonyea, utengenezekaji wa ya pili ni bora, kwa kuwa ni ya waya." Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini msomaji anaweza kuitumia kuamua, na fundi anaweza kuipinga kwa ushahidi.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Diski: bamba la chuma la mviringo lililofungwa kwenye kitovu cha gurudumu, linalobanwa na pedi.

Glikoli ya breki: kiowevu cha breki cha misombo ya glikoli, chenye alama ya DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1.

Kibanio: chombo kinachoshika pedi na kuzisukuma zibane diski.

Kiowevu cha breki: kiowevu chochote kinachopitisha kanieneo kutoka mkono wa breki hadi kibanio.

Kubonyea: mkono wa breki kulegea kwa sababu ya mvuke au upepo ulio ndani ya kiowevu.

Kufifia: kupungua kwa msuguano wa pedi kwa sababu ya joto, mkono wa breki ukibaki mgumu.

Kuzoesha: kutumia pedi mpya kwa utaratibu mpaka zishike barabara.

Mafuta ya madini: kiowevu cha breki kinachotokana na petroli ghafi, kisichochanganyika na maji.

Nguvu ya breki: ukubwa wa kani ya kuzuia gurudumu kwa kila kani ya kidole.

Ustahimilivu wa joto: uwezo wa breki kutofifia wala kubonyea inapotumika mfululizo.

Usikivu: uwezo wa breki kuongeza na kupunguza nguvu kwa kadiri mkono unavyotaka.

Utegemevu: sifa ya breki kuendelea kufanya kazi bila kuharibika kwa muda mrefu na katika hali mbalimbali.

Utengenezekaji: wepesi wa breki kutengenezwa inapoharibika.

Istilahi hizi ni mapendekezo, wala si amri. Tunawaomba mafundi, waendeshaji, walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wazijaribu katika kazi zao na watuletee maoni. Kama katika karakana zao lipo neno linalofaa kuliko "kibanio" au "usikivu", tutafurahi kulipokea. Lakini kwa jambo moja tunaomba lisingoje majadiliano: yeyote anayeandika kibandiko cha breki leo asiandike "mafuta ya breki" na kuishia hapo. Ataje ni glikoli ya breki au ni mafuta ya madini, kwa kuwa atakayekisoma hana njia nyingine ya kujua.